Kadi ya sauti ipo, Audacity haiioni: anza kuuliza chini

Wiki iliyopita mama mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, aliniletea kaseti aliyoifunga kwenye kipande cha kanga. Ndani mna taarabu iliyopigwa harusini kwao, na katikati ya wimbo inasikika sauti ya dada yake, sasa marehemu, akipiga vigelegele. "Mwanangu, sina nyingine," akaniambia. Kaseti kuukuu namna hiyo siizungushi kwa majaribio, maana utepe ukijisokota ndani ya deki ndiyo basi. Kabla sijabonyeza kitufe, lazima niwe na hakika kwamba kompyuta inasikia.

Siku ile haikusikia. Nimechomeka kadi ndogo ya sauti ya USB, ile inayoingiza sauti ya deki kwenye kompyuta, nimefungua Audacity, programu ya kurekodia, kwenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, na orodha ya vifaa vya kurekodia inaonyesha maikrofoni ya laptopu peke yake.

Vijana wengi wakifika hapo hufuta programu na kuipakua upya. Nawaomba sana msifanye hivyo. Mnamaliza bando bure, kwa sababu mara nyingi Audacity haina kosa. Kwenye Linux sauti hupita ngazi kadhaa: chini kuna kerneli, yaani kiini cha mfumo, na ALSA yake inayoendesha kadi za sauti, juu yake PulseAudio au PipeWire anayezigawia programu zote sauti, halafu ndipo Audacity, ambayo nayo huulizia vifaa kupitia maktaba iitwayo PortAudio. Anza kuuliza chini, kisha panda juu ngazi kwa ngazi.

Swali la kwanza naliandika kwenye terminali: arecord -l. Amri hii inataja kadi zote ambazo kerneli inazijua kwa kurekodi. Yangu ilikuwepo, kadi namba 1, kifaa namba 0. Isingekuwepo ningeandika lsusb, amri inayotaja vifaa vya USB vilivyochomekwa, na huko nako ikikosekana, basi ni waya au tundu. Hapa kwetu upepo wa bahari haucheleweshi kutu, kwa hiyo vichwa vya waya vifutwe mara kwa mara.

Sasa, kerneli inaiona, Audacity haiioni. Hapa ndipo watu wanapopotea. PortAudio haisomi majina tu. Hujaribu kukifungua kila kifaa ili ijue kina uwezo gani. Kifaa kikiwa kimeshikwa na mwingine, hakifunguki, na kisipofunguka hakiingii kwenye orodha. Kwa hiyo, ili nijue nani amekishika, nikaandika:

fuser -v /dev/snd/*

Ukatokea mstari wa /dev/snd/pcmC1D0c. Usome polepole: C1 ni kadi namba 1, D0 ni kifaa namba 0, na herufi c ya mwisho ni kurekodi, ingekuwa p ingekuwa kucheza. Mbele yake limeandikwa jina la aliyeshika: pulseaudio. Lakini PulseAudio hashiki kitu kwa muda mrefu bila kutumwa. Nikafungua pavucontrol, dirisha la kuongoza PulseAudio, sehemu ya Recording inayoonyesha programu zinazorekodi, nikakuta kivinjari. Kikao cha video cha asubuhi kilikuwa bado wazi kwenye ukurasa mmoja, maikrofoni imewashwa. Nikaufunga, nikasubiri kama sekunde tano PulseAudio aiachie kadi, kisha ndani ya Audacity nikachagua Rescan Audio Devices. Kadi ikajitokeza.

Hiyo Rescan msiisahau hata pasipo mgogoro wowote. Audacity huhesabu vifaa inapofunguliwa. Ukichomeka kadi baadaye, haitajua mpaka uiambie. Toleo la 3.2 na yanayofuata, ipo kwenye kitufe cha Audio Setup. Ya zamani, kwenye menyu ya Transport.

Waliosakinisha Audacity kwa snap, vifurushi vya programu vya Ubuntu vinavyofungiwa ruhusa, waandike snap connections audacity, waone kama ruhusa ya audio-record imeunganishwa. Wasiotaka kushindana na PulseAudio wachague "pulse" au "default" ndani ya Audacity, waanze kurekodi, kisha waelekeze chanzo sahihi kwenye pavucontrol. Mimi kwa kanda za watu hupenda kuchukua kadi moja kwa moja, sauti isibadilishwe sample rate (idadi ya vipimo kwa sekunde) njiani.

Kadi ilipoonekana, mshale wa sauti ulikuwa bado umelala. Nikafungua alsamixer, kirekebisha sauti cha ALSA ndani ya terminali, F6 kuchagua kadi, F4 kuona upande wa kurekodi, nikabonyeza kitufe cha nafasi mpaka neno CAPTURE likawaka. Nikaupima mkondo kwa kaseti yangu mbovu, nikauacha kilele karibu na -6 dB, chini kidogo ya ukomo wa 0. Ndipo nikaifungua ile kanga.