Saratani nyemelezi ni nini, na hutibiwaje?

Magonjwa nyemelezi tumezoea kuyasikia: kifua kikuu, fangasi wa kinywani, homa ya uti wa mgongo. Hunyemelea mwili uliopungukiwa kinga. Zipo pia saratani za tabia hiyohiyo, na nyingi chanzo chake ni virusi.

Chukua virusi vya Epstein-Barr. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanaishi navyo bila kujua, kwa sababu kinga huvibana visifurukute. Kinga ikishuka, iwe kwa VVU au kwa dawa anazomeza aliyepandikizwa figo ili mwili usiikatae, virusi hivyo huweza kuzichochea seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, zizaliane ovyo hadi iwe limfoma, yaani saratani ya chembe hizo. Vingine vya ukoo huohuo, vilivyogunduliwa 1994, huleta saratani ya Kaposi, yenye madoa ya zambarau au meusi kwenye ngozi, wakati mwingine hata mapafuni.

Kwa hiyo tiba haianzii kwenye uvimbe peke yake. Inaanzia kwenye kinga. Mwenye VVU aliyepata Kaposi huanzishiwa ARV, na madoa yakiwa machache huweza kufifia kwa hizo tu. Yakienea, huongezewa dawa za saratani kama doksorubisini au paklitaxeli. Madoa yanaweza pia kuvimba wiki za mwanzo, kinga inapoamka. Mwenye hali hiyo amwone daktari upesi, lakini si sababu ya kuacha ARV.

Kwa aliyepandikizwa figo, daktari hupunguza dawa za kushusha kinga, na kama ni Kaposi huweza kumhamishia kwenye sirolimasi, dawa nyingine ya kushusha kinga. Kazi hii ni ya mizani nyeti: kinga ikirudi kupita kiasi, itaishambulia figo yenyewe. Mgonjwa asijipunguzie dozi hata siku moja. Limfoma isiponywea, hufuata rituksimabu, inayoziwinda seli B. Kabla ya kuidunga lazima apimwe homa ya ini aina ya B, maana virusi vyake vikiwa vimelala mwilini, dawa hii huweza kuviamsha na kuliharibu ini.

Linaloniuma ni kuona mtu anaweka ARV pembeni akidhani haziendi pamoja na dawa za saratani. Zinaenda. Baadhi ya ARV, hasa zenye ritonaviri, huweza kuongeza makali ya dawa za saratani mwilini kupita kiasi, na hapo daktari hubadilisha aina ya ARV, mgonjwa akiendelea kumeza.