Maswali na Majibu: OCD, Wasiwasi Uliopitiliza na Njia ya Kupona

Watu wengi wenye OCD (kwa Kiingereza obsessive-compulsive disorder, yaani ugonjwa wa fikra zisizotakiwa na matendo ya kujirudia) hukaa nayo miaka kabla ya kumwambia mtu yeyote. Si kwamba haiwaumizi. Wanaona aibu kwa yale yanayowapitia kichwani, na wanaogopa kwamba wakiyasema wataonekana wendawazimu au waovu. Majibu haya ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wanaoishi nao.

OCD ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa akili wenye sehemu mbili zinazolishana. Kwanza huja fikra, picha au msukumo ambao mtu hakuutaka: mikono yangu ina vijidudu, jiko sikulizima, huenda nimemgonga mtu barabarani bila kujua. Fikra hiyo huleta hofu kali, au kinyaa, au hisia kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Kisha huja tendo la kujituliza: kunawa, kurudi kukagua, kuhesabu, kupanga vitu upya, kumuuliza mtu "una hakika?"

Tendo hilo huleta nafuu, na shida inaanzia hapo. Nafuu haidumu. Ubongo unajifunza kwamba hatari ilikuwa ya kweli na kwamba tendo ndilo lililokuokoa, hivyo mara nyingine unadai tendo refu zaidi. Ni kama kukuna upele: unapata raha ya dakika moja, halafu muwasho unarudi na eneo limepanuka.

Si kila tendo linaonekana kwa macho. Wapo wanaotulia kimya kabisa huku kichwani wakirudia sala ya kufuta fikra mbaya, wakipitia tena na tena kumbukumbu ya jana kuona kama walikosea, au wakijipima kama bado wanampenda mwenzi wao. Watu hawa huambiwa "wewe huna OCD, hunawi mikono", wakarudi nyumbani na mzigo wao. Tendo la akilini ni tendo kamili, na hutibiwa kama mengine.

Kwa makadirio, watu wawili hivi katika kila 100 hupata ugonjwa huu katika maisha yao. Mara nyingi huanza utotoni, katika ujana au mwanzoni mwa utu uzima.

Mimi hukagua mlango mara mbili kabla ya kulala. Nina OCD?

Kwa hilo peke yake, hapana. Kupenda usafi na mpangilio si ugonjwa. Wataalamu huangalia muda na madhara: je, fikra na matendo hayo yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanakutesa, au yanaharibu kazi, masomo na uhusiano wako? Anayependa usafi hufurahia nyumba safi. Mwenye OCD hafurahii. Angetoa chochote aweze kuacha.

OCD na wasiwasi ni ugonjwa mmoja?

Ni ndugu wa karibu, lakini si kitu kimoja. Zamani OCD iliwekwa katika kundi la magonjwa ya wasiwasi. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliitoa na kuipa kundi lake katika mwongozo wake wa uchunguzi, na uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani nao umefuata njia hiyo.

Mwenye wasiwasi wa jumla huhangaika na mambo ya kawaida ya maisha, yaani fedha, watoto, afya, kazi, lakini kwa kiwango kisicholingana na hali halisi, karibu kila siku, kwa miezi mingi. Misuli hukaza, usingizi hukatika, hasira huwa karibu. Mwingine hupata mashambulizi ya hofu: moyo unadunda, pumzi inabana, mikono inakufa ganzi, na anaamini anakufa. Shambulio hilo hufika kilele ndani ya dakika chache kisha hupungua lenyewe. (Maumivu ya kifua yaliyokuja kwa mara ya kwanza yapimwe hospitali, usijiambie tu kwamba ni hofu.)

Wengi wana vyote viwili, na sonona juu yake. Lakini chini ya yote kuna jambo moja linaloyalisha: kukimbia. Kila mara unapokimbia kile unachokiogopa, hofu inapata nguvu.

Nampenda mtoto wangu kuliko kitu chochote, lakini nikishika kisu napata picha ya kumchoma. Mimi ni mtu hatari?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini sana, na mara nyingi aliyeuliza ni mama aliyejifungua karibuni. Kipindi baada ya kujifungua ni mojawapo ya nyakati ambazo OCD huanza au huzidi.

Mwaka 1978 watafiti wawili, Rachman na de Silva, waliwauliza watu wasio na ugonjwa wowote kama huwa wanapata fikra zisizotakiwa za ukatili, ngono au kukufuru. Walio wengi walikiri kwamba huzipata. Maudhui yalifanana na yale ya wagonjwa. Tofauti ni kwamba mtu mwingine fikra hiyo humpitia, akashangaa kidogo, akaendelea kukata vitunguu. Mwenye OCD huishika na kuuliza: kwa nini mimi? Ina maana gani? Je, nikiifanya? Kisha anaficha visu, anaacha kumwogesha mtoto, anaomba asiachwe naye peke yake.

Fikra hizi hushambulia pale unapopathamini zaidi. Mzazi mpole huogopa kuua, mcha Mungu huogopa kukufuru, mwaminifu huogopa kwamba amedanganya. Hofu na kinyaa unachokihisi ni dalili kwamba fikra hiyo inapingana na wewe ulivyo.

Kujilazimisha usiifikirie hakusaidii. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu huyo akawarudia kila mara.

Kuna hali iliyo tofauti, na lazima niitaje. Mtu anayesikia sauti zinazomwamuru, anayeamini kwamba mtoto ana pepo na kumdhuru ni jambo la haki, au anayetamani kumdhuru bila kuhofia, anahitaji hospitali leo hii. Si kazi yako kujipima usiku kucha uko upande gani. Mweleze mhudumu wa afya picha unazoziona kama zilivyo, bila kuzilainisha, naye atatofautisha.

Narudia udhu na sala kwa saa nzima kwa kuogopa kwamba sijaitimiza sawa. Hii ni imani dhaifu?

Hapana. OCD huvaa nguo ya dini kwa Waislamu, kwa Wakristo wanaoungama dhambi ileile kila siku, na kwa waumini wa dini nyingine. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyeishi kati ya karne ya 9 na ya 10, aliandika juu ya fikra zinazomganda mtu na kumharibia maisha, akizihesabu miongoni mwa maradhi ya nafsi yanayostahili tiba. Maarifa haya si mapya.

Tiba haikuondoi katika dini yako. Viongozi wengi wa dini huwaambia watu wa namna hii watawadhe au waungame mara moja, waipuuze shaka, waendelee. Ni shauri zuri sana. Ila muulize kiongozi wako mara moja, ukalishike. Ukimrudia kila wiki na swali lilelile, kumuuliza kwenyewe kumeshageuka tendo la kujituliza.

Husababishwa na nini?

Hakuna sababu moja. Urithi unachangia: ndugu wa damu wa mgonjwa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata kuliko watu wengine. Picha za ubongo zinaonyesha tofauti katika mizunguko inayounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu za ndani zinazohusika na mazoea. Mfadhaiko mkubwa unaweza kuichochea. Malezi mabaya au uvivu wa kujitawala havihusiki, na anayemwambia mgonjwa "jikaze tu" anamwongezea aibu aliyokuwa nayo tayari.

Inatibiwaje?

Tiba yenye ushahidi mkubwa ni ya mazungumzo na vitendo: kukabili unachokiogopa huku ukizuia tendo la kujituliza. Mizizi yake inafika mwaka 1966, Victor Meyer, mwanasaikolojia nchini Uingereza, alipoeleza jinsi wagonjwa wawili walivyopata nafuu walipozuiwa kufanya matendo yao wakiwa hospitalini. Kabla ya hapo OCD ilionekana kama ugonjwa usiotibika.

Mnakaa na mtaalamu mkaorodhesha hali zinazokutia hofu, na kila moja mkaipa alama kutoka 0 hadi 100. Kugusa kitasa cha mlango wa chumbani, 30. Kugusa kitasa cha choo cha umma, 70. Kugusa hicho cha choo kisha kula bila kunawa kwanza kwa utaratibu wako mrefu, 90. Hamwanzi na 90. Mnaanza na inayokera bila kukuvunja. Unagusa, hunawi, unakaa na hofu. Inapanda. Unakaa. Mara nyingi baada ya muda inaanza kushuka yenyewe, bila sabuni. Hata isiposhuka siku hiyo, umejifunza kitu ambacho maneno hayafundishi: kwamba unaweza kuihisi na bado ukaendelea na shughuli zako. Kesho unarudia.

Mwenye fikra za kudhuru hukata mboga mtoto akiwa jikoni. Mwenye kukagua hufunga mlango mara moja na kuondoka, huku akijiambia, "Huenda nimeuacha wazi, huenda sikuuacha, sitarudi kuangalia." Watu hupinga sentensi hiyo kuliko kitu kingine chochote, na mimi naiona ndiyo kiini cha tiba nzima. OCD inadai uhakika wa asilimia 100, na uhakika huo hakuna binadamu aliyenao. Kupona ni kukubali kuishi bila huo uhakika, jinsi jirani yako asiye na OCD anavyoishi kila siku bila kujua kwamba anafanya hivyo.

Jihadhari na njia za kutulia. Kuvuta pumzi taratibu kunamsaidia mwenye wasiwasi wa jumla, lakini mwenye OCD akivuta pumzi kila fikra inapokuja ili iondoke, ameongeza tendo jipya kwenye orodha. Kutafuta majibu kwenye intaneti usiku wa manane ni hivyo hivyo. Ukishaelewa ugonjwa wako, acha kuusoma.

Na dawa je?

Zinasaidia, hasa hali ikiwa kali au pale tiba ya mazungumzo haipatikani. Zinazotumika kwanza ni zile za sonona zinazoongeza kazi ya serotonini (kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo), kama fluoksetini na sertralini. Klomipramini ni ya zamani zaidi, nayo inafanya kazi ingawa maudhi yake ni mengi. Kwa OCD dozi mara nyingi huwa kubwa kuliko ya sonona, na matokeo huchukua wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema haifanyi kazi, na hilo linasikitisha, maana walikuwa bado njiani. Wiki za mwanzo hofu inaweza kuzidi kidogo. Vijana waangaliwe kwa karibu, kwani baadhi hupata fikra za kujidhuru. Usiache ghafla bila daktari.

Diazepamu na jamii yake hutuliza kwa saa chache, haziitibu OCD, na zinaleta utegemezi.

Mume wangu ananiuliza mara kumi kwa usiku kama nimefunga mlango. Nikimjibu anatulia. Nifanyeje?

Unamjibu kwa upendo, na jibu lako limekuwa sehemu ya ugonjwa. Lakini usikate ghafla kama adhabu. Kaeni mchana, akiwa ametulia, mkubaliane: "Nitakujibu mara moja. Ukiuliza tena nitajua ni OCD inayouliza, sitaijibu, lakini nitakaa nawe mpaka ipungue." Yeye mwenyewe achague hilo, maana asipolichagua litageuka ugomvi. Kisha shikilia, hata akikasirika. Ile saa moja ya hasira ni ngumu kwenu wote wawili, na ndipo tiba inapofanyika. Msifu kwa kustahimili.

Ukiona anaanza kusema heri afe, anagawa vitu vyake, au ameacha kula na kulala, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Nilipata nafuu mwaka mzima, sasa imerudi. Nimeanza upya?

Hapana. OCD hupanda na kushuka, na hupenda kurudi wakati wa mtihani, msiba, ujauzito au kazi mpya. Huenda ikarudi na sura nyingine: aliyekuwa akinawa sasa anakagua, na anadhani hili la sasa ni la kweli. Angalia utaratibu wake, usiangalie mada. Kama kuna shaka inayodai jibu sasa hivi, na tendo linaloleta nafuu fupi, ni OCD ileile. Toa orodha yako ya zamani, anza na hatua ya chini kabisa leo, na wasiliana na aliyekutibu wiki hii hii, kabla matendo hayajapata mizizi. Kama ulikuwa umepunguza dawa, mwambie hilo kwanza.