Maswali ya balehe ambayo madogo wa kiume hawamuulizi mtu

Mabinti angalau siku hizi wanafundishwa hedhi shuleni, kuna mwalimu wa malezi, wengine wanapewa mpaka pedi. Wa kiume wengi wanaachwa wajijue, wanachokijua wamekiokota kijiweni ama kwenye simu ya kaka mtu. Haya ndo wanauliza wakipata mtu asiewacheka.

Swali: Nina miaka 14, chuchu moja imevimba, ndani kuna kitu kigumu kama kifungo cha shati, nikigusa inauma. Ni kansa au naota matiti?

Tulia dogo. Kipindi cha balehe homoni zinapanda na kushuka ovyo, na mwili wa kiume nao unatengeneza estrojeni kidogo, ile ile inayokuza matiti ya mabinti, so karibu nusu ya wavulana inawatokea, upande mmoja ama pande zote mbili. Mara nyingi inaisha yenyewe, miezi 6 mpaka miaka 2. Usiikamue wala usichuliwe. Ikizidi kukua au ikitoa maji ama damu, hospitali. Na walimu jamani, ukiona mtoto kavaa sweta Dar mwezi wa pili na jua lile usikimbilie kusema ni utukutu, huenda anaficha kifua.

Swali: Naamka boksa imelowa, wanasema nitaishiwa nguvu za kiume

Hizo ni ndoto nyevu, mwili umeanza kutengeneza manii, huwezi kuzuia na hakuna nguvu inayoisha. Muislamu anajua anaoga janaba na maisha yanaendelea. Ila jua kuanzia hapo unaweza kumpa mtu mimba. Punyeto nayo haileti upofu wala ugumba, dini na wazee wako wana msimamo wao, mimi naongelea afya tu. Wanaouza dawa za kuongeza maumbile mitandaoni wanakula hela yako bure.

Swali: Niko form two, wenzangu wote sauti nzito, mimi bado

Balehe ya wavulana inaanza popote kati ya miaka 9 na 14. Korodani ndo zinatangulia kukua, sauti inakuja baadae sana koromeo likishapanuka. Ukifika 14 na hakuna dalili hata moja basi muone daktari.

Swali: Korodani imeanza kuuma ghafla usiku, nisubiri kuche?

USISUBIRI. Korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu, kamba hiyo inaweza kujisokota, damu ikakatika, na hapo una kama masaa 6 tu, ukichelewa inakufa na inabidi itolewe. Inawapata zaidi wa miaka 12 mpaka 18, hata mtu akiwa amelala zake. Maumivu makali upande mmoja, kutapika, kuvimba, korodani kupanda juu. Shida ni aibu, mtoto anasema "tumbo linauma", anapewa panadol na kuambiwa alale. Mama, ukiona anatapika huku anatembea kajikunja, muulize waziwazi, na huko chini kunauma? Kama ndio, tafuta bodaboda, bajaji, chochote, mpeleke hospitali wanayofanya upasuaji, sio duka la dawa. (Moja kuning'inia chini kuliko nyingine bila maumivu ni kawaida.)

Swali la mzazi: Mwanangu kawa mkali, analala mpaka saa tano asubuhi, haongei

Kulala kwanza sio uvivu, umri huu usingizi unachelewa kuja usiku na bado anahitaji masaa 8 mpaka 10, simu kitandani ndo inaharibu kabisa. Hasira za kubamiza mlango ni za kawaida. Ila kama zimepita wiki mbili, mpira kaacha, chakula anagusagusa, marafiki hawataki, au kasema bora nisingekuwepo, hiyo sio balehe tena, huenda ni sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), mpeleke hospitali na usimwambie mwanaume halii. Ukitaka aongee usimkalishe sebuleni kama kesi, mchukue muende wote sokoni ama muoshe pikipiki pamoja, wa kiume wengi wanafunguka mikono ikiwa na kazi. Akikataa kuongea na wewe mpe namba 116, ni ya watoto, Tanzania na Kenya ni bure, anaweza kupiga mwenyewe bila wewe kuwepo.