Baraji: pale wapanda farasi wanapotoka sare

Mpenzi wa kandanda anajua mikwaju ya penalti. Mashindano ya farasi ya kuruka viunzi nayo yana yake, inaitwa baraji, neno walilotuletea Wafaransa.

Hesabu ya mchezo huu huenda kinyume: unaanza na sifuri, na kila kosa linakuongezea alama. Fito za kiunzi hazifungwi, zimelazwa tu juu ya vishikizo. Ukwato ukiugonga ufito ukatikisika na kutulia, umesalimika. Ufito ukidondoka, alama 4. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Wakilingana kileleni, wanarudishwa uwanjani kwa baraji. Siku hizi njia hufupishwa, viunzi vingine huinuliwa, na makosa yakilingana saa ndiyo inayoamua. Utamu uko kwenye kona: ukiikata kwa karibu unaokoa sekunde, ila farasi anabakiwa na hatua mbili tatu tu za kujipanga kabla ya kuruka.

Kwangu mimi, baraji ya kusimuliwa ni ya Olimpiki ya Helsinki, 1952. Baada ya raundi mbili, watu 5 walikuwa na alama 8 kila mmoja. Mmoja wao alikuwa Pierre Jonquères d'Oriola, mzaliwa wa 1920, wa ukoo wa makabaila wenye mashamba ya mizabibu Corneilla-del-Vercol, karibu na Perpignan. (Binamu yake Christian naye alikuwa bingwa wa Olimpiki, lakini wa upanga.) Akiwa juu ya Ali Baba, farasi mwenye umbo dogo, alimaliza bila kosa. Óscar Cristi wa Chile akapata alama 4. Fritz Thiedemann wa Ujerumani na Eloy de Menezes wa Brazil wakapata 8 kila mmoja, saa ikampa Mjerumani shaba. Mwingereza Wilf White aliondoka na 12.

Miaka 12 baadaye, huko Tokyo, d'Oriola akiwa na miaka 44 alirudi na farasi mwingine, Lutteur B. Raundi ya kwanza alipata alama 9, ya pili akaimaliza safi, na Ufaransa ikapata dhahabu yake pekee ya michezo ile. Baraji ilikuwepo siku hiyo pia, ila ilikuwa ya shaba, kati ya Peter Robeson wa Uingereza na John Fahey wa Australia. D'Oriola alikuwa ameshamaliza kazi.