Je, wajua? Mti uliosimama hauibiki, ila ukianguka unaibika

Mjomba wangu ana shamba la mikaratusi Misungwi. Asubuhi moja alikuta visiki 11, utomvu bado mbichi. Nilimwambia kwa uhakika kwamba akienda polisi asitaje wizi, ataje uharibifu wa mali, kwa sababu mti ni sehemu ya ardhi na hakuna awezaye kuibeba ardhi. Nilikosea, na tangu hapo nimelichunguza kosa hilo kwa hamu kubwa.

Wazo lenyewe lilikuwa na asili yake. Sheria ya kale ya Uingereza ilisema hivyo hasa: mti wenye mizizi ni ardhi, na aliyeukata na kuubeba papo hapo hakuhesabiwa mwizi. Lakini akiukata, akauacha, kisha akarudi baadaye kuuchukua, hapo aliiba. Aliyepumzika alikuwa na kosa kubwa kuliko aliyefanya haraka! Wengine hufika kwenye kosa hilohilo kwa njia nyingine: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, basi na miti ni ya wote. Nayo si kweli. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inautambua msitu wa mtu binafsi, na anayemiliki shamba kimila kijijini ana haki juu ya miti aliyoipanda.

Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, ililiziba pengo la Waingereza katika kifungu cha 257. Kitu chenye mwenyewe kinachoweza kung'olewa kinaibika mara tu kinapoweza kuhamishika, hata kama aliyekifanya kihamishike ni mwizi mwenyewe.

Fikiria bati la paa. Likiwa limepigiliwa misumari ni sehemu ya nyumba. Mtu akipanda usiku, akang'oa misumari na kuondoka nalo, hakuna mwenye nyumba Mwanza atakayemkubalia kwamba amebomoa tu. Shoka kwa mti ni kama koleo kwa msumari: linakata kinachoushikilia, na kuanzia hapo gogo ni mali inayobebeka, tena yenye mwenyewe. Samaki ni tofauti. Sangara anayeogelea Ziwa Victoria hana mwenyewe, hata akipita ubavuni mwa mtumbwi wako; akishavuliwa na kufa chomboni mwako, huyo anaibika. Mkaratusi wa mjomba ulikuwa na mwenyewe tangu siku ulipopandwa. Ulichokosa ni kuhamishika tu.

Wizi na uharibifu wa mali kwa kusudi, kila kimoja kinaweza kumfunga mtu hadi miaka saba. Hata hivyo sheria inataka kitu kilichoibwa kiwe kimesogezwa, kwa hiyo aliyeangusha mti akakimbia bila kuligusa gogo huenda akabaki na shtaka la uharibifu peke yake. Moto una kifungu chake, hadi miaka 14, lakini kinataja miti inayolimwa. Ngitili ya miti ya asili, yaani eneo linalotengwa ili malisho na miti viote tena, ambayo Usukumani ililindwa kwa mila kupitia dagashida (baraza la jadi) na sungusungu (walinzi wa kijiji), haiingii humo kwa urahisi.

Jambo linalovunja kesi nyingine ni kifungu cha 9. Aliyekata akiamini kwa moyo mweupe kwamba mti ni wake si mwizi, hata kama amekosea mpaka. Ndiyo maana safu ya minyaa au mikonge kati ya mashamba ina uzito mkubwa: ikionekana wazi, ni vigumu kwa mtu kusema hakujua.

Mjomba alipopita mpakani na wazee wa kitongoji, waliona visiki viwili kati ya vile 11 viko kwenye kipande ambacho jirani naye anakidai. Polisi aliandikisha wizi wa miti tisa.