Mwulize nani alimletea uji

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa vyuoni yakishatoka, simu yangu hailali. Wanaopiga ni wale waliopata vyuo viwili au vitatu kwa mkupuo, na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inawataka wathibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Siku zenyewe ni chache. Mwaka jana binti mmoja alikuja ofisini na mama yake. Kozi ile ile vyuo viwili, ada hazipishani sana. Mama akasema, "Mwalimu, si vyote ni vyuo? Achague chenye jina kubwa, mambo yaishe."

Nimekuwa mshauri wa wanafunzi kwa miaka mingi, kwanza chuoni, sasa sekondari. Wengi niliowaona wakiacha masomo mwaka wa kwanza kichwa walikuwa nacho. Namkumbuka kijana aliyekuja kuniaga, begi mgongoni. Alikuwa na Daraja la Kwanza. Alikosa bweni, akapanga chumba mbali; akitoka darasani anapanda daladala, akifika geto anajifungia. Aliugua malaria siku nne. Aliyegundua ni mama mwenye nyumba, alipokuja kudai kodi. Darasani hakuna aliyeuliza. Darasa la watu mia nne litajuaje nani hayupo?

Tangu siku ile, mtu akiniuliza kuhusu maisha ya chuo, sianzi na bonanza wala disko. Naanza na hili: usipoonekana siku mbili, nani atakuja kubisha hodi?

Jambo hilo hutegemea sana mahali unapolala. Wazazi huuliza ada, huuliza boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, bweni wanalisahau. Chukulia Mlimani. Kabla ya 2017 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekosa nafasi kwenye mabweni ya kilimani alitazamia Mabibo, au apange Changanyikeni, Msewe au Ubungo. Mwaka huo yakafunguliwa mabweni ya Magufuli, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, na bado chumba hakina uhakika kwa kila mtu. Ndipo watu wanapobebana: mwenye kitanda anamkaribisha asiye nacho, wanalala mzungu wa nne hadi muhula uishe. Taratibu haziruhusu, nami sikushauri uanze hivyo. Lakini nimehudhuria harusi ambazo msimamizi alikuwa yule aliyembeba bwana harusi mwaka wa kwanza.

Kitu cha pili ninachokitazama ni mahali pa kukaa bila kununua chochote. Mlimani kuna vimbweta, zile meza na viti vya zege chini ya miti. Pita pale saa mbili usiku wiki ya mitihani. Kundi moja linagombana juu ya swali la takwimu, mmoja amesimama anaeleza kwa mikono, mwingine ana karanga kwenye karatasi zinazunguka meza nzima. Kimbweta hakina mlango. Mgeni anakaa pembeni anasikiliza, wiki ya pili anaulizwa jina, ya tatu anatunziwa nafasi. Kwa mtoto mpole, asiyejua kuanza mazungumzo, hicho ni kitu kikubwa kuliko cheo cha chuo. Chuo ambacho pa kukaa ni kantini tu humwacha nje asiye na hela ya soda.

Dodoma ni habari nyingine. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza 2007 ikiwa na eneo kubwa mno, na koleji zake zimetawanyika juu ya vilima. Mabweni yapo mengi, hilo ni jema. Ila ulimwengu wako unakuwa koleji yako. Rafiki yako wa sekondari akiwa koleji ya mbali, msitegemee kuonana kila siku. Anayependa kujuana kwa kina na watu wachache hustawi. Anayetaka mji wenye pilikapilika huona upweke.

Morogoro ndiko ninakowapeleka wale waliozoea shule ndogo. Mzumbe iko nje ya mji, upande wa barabara ya Iringa, na jioni hakuna pa kukimbilia, kwa hiyo watu hukutana wapende wasipende. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ina kampasi kuu chini ya Uluguru na nyingine Mazimbu, palipokuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini tangu 1978. Ukipata kozi ya SUA, uliza kwanza utasomea kampasi ipi, maana ni maisha mawili tofauti.

Kuhusu vikundi vya dini sina maneno mengi: vipo karibu kila chuo, na mara nyingi ndivyo vinavyompokea mgeni stendi. Mtafute kiongozi wa kikundi chako kabla hujafunga safari.

Ushauri wenyewe mtafute kwa aliye mwaka wa pili. Wa kwanza bado ana mshangao, na aliyehitimu ameshasahau machungu. Usimwulize kama chuo ni kizuri, atakujibu ndiyo. Mwulize Jumapili saa kumi jioni anakuwa wapi, na nani. Mwulize mara ya mwisho alipougua, nani alimletea uji.

Mimi na yule binti tulimpigia simu dada aliyemtangulia shuleni, yuko chuo cha jina kubwa. Swali la uji lilimnyamazisha kwanza. Kisha akasema, "Nilipougua nilirudi nyumbani, mdogo wangu." Tukampigia wa chuo cha pili. Huyu alicheka, akataja watu watatu kwa majina, akaongeza kuwa mmoja wao uji aliuunguza.

Mama alikuwa ameegemea meza, anasikiliza. Akamwomba binti simu. "Mwanangu," akamwambia yule wa pili, "huyu wangu akija Oktoba, utampokea?"