Sufuria la umeme halipiki mbaazi peke yake

Wengi husema sufuria la presha la umeme ni kubonyeza kitufe tu, mpishi hana kazi tena. Sivyo. Linachemsha, basi.

Chukua mbaazi za nazi za asubuhi, Mombasa. Kikombe 1 cha mbaazi kavu zilizolala majini usiku kucha, vikombe 3 vya maji, dakika 15 za presha. Mvuke uliofungiwa hupandisha joto hadi karibu nyuzi 115, ndiyo maana zinaiva upesi kuliko kwenye seredani. Lakini nazi bado itakunwa kwa mbuzi, tui lichujwe, na tui zito litiwe mwisho, kifuniko kikiwa wazi. Ukilitia mwanzo hukatika, tena hushika chini, na sufuria hujizima mbaazi zikiwa bado ngumu. Usijaze kupita nusu, povu litaziba vali, tundu la kutolea mvuke. Mpira wa kifuniko ukilegea mvuke unavuja, presha haipandi.

Kinachookolewa ni mkaa na moshi, si mikono. Kwa hiyo kumpunguzia dada wa kazi mshahara kwa kuwa "mashine inapika" ni dhuluma, tena ya wazi: kukuna, kuchuja na kuosha vali hakuna kitufe chake.

Hata roboti kamili huhitaji watu. Flippy, ya kugeuza nyama za baga, ilianza kazi mgahawani California mwaka 2018, ikasimamishwa kwa muda mapema tu: wafanyakazi walioiandalia nyama walihitaji mafunzo zaidi ili waende nayo sambamba.